Orodha ya Filamu Ikitoka, Tutafute Nini?

Tunaandika kutoka Mandawa. Tunasema Mandawa yetu ya Ruangwa, siyo ile ya Kilwa, maana kuna msomaji aliyewahi kutuandikia akidhani tunakaa karibu na pwani. Bahari iko mbali nasi, na jumba la sinema liko mbali zaidi. Kwa hiyo baadhi yenu mtashangaa kwamba mwezi huu, badala ya uji wa mtoto au shinikizo la damu kama tulivyozoea, tunazungumzia filamu, tena filamu ambazo nyingine hatujaziona hata kwa macho.

Kila mwaka Unguja hufanyika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ambalo wengi hulijua kama Tamasha la Nchi za Jahazi. Lilifanyika mara ya kwanza mwaka 1998. Watu hukaa Ngome Kongwe, pale Mji Mkongwe, usiku, chini ya anga, wakatazama filamu kutoka Afrika na nchi nyingine, na ile inayoshinda hupewa tuzo ya Jahazi la Dhahabu. Kabla ya tamasha waandaaji hutangaza orodha ya filamu walizozichagua. Siku hizi orodha hiyo hufika mpaka kwetu kwa simu. Mtoto wa mmoja wetu anayesoma chuo Dar es Salaam hututumia, na sisi akina mama wa kikundi, tukishakung'uta ufuta na kujikung'uta vumbi, hukaa chini ya mwembe tukaisoma jina kwa jina.

Mtasema tunauliza bei za sokoni hatuna senti kwenye pindo la kanga. Ni kweli. Kutoka hapa kwenda Unguja ni basi la alfajiri, kulala njiani, kisha boti, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga Ngome Kongwe. Mume wa mwenzetu mmoja alipita akatukuta tukisoma, akauliza kama tumepata majina ya wanaolipwa fidia.

Lakini hebu tuseme wazi. Filamu zinaingia Mandawa tukitaka tusitake. Kuna mabanda ya video, yale wanayoyaita banda umiza, ambako kwa pesa kidogo mtoto anaketi kwenye benchi tangu mchana hadi usiku akitazama watu wakipigana, huku sauti ya kijana anayetafsiri kwa Kiswahili ikishindana na milio ya risasi. Kuna fleshi zinazopita mkono kwa mkono. Kuna simu zenyewe. Huko kinacholetwa ndicho kinacholiwa. Orodha ya tamasha ni kitu kingine. Watengenezaji hupeleka kazi zao, watu wazima wenye ujuzi wakakaa wakazitazama na kuzichuja, na zile zilizobaki huandikwa moja moja: jina, nchi, lugha, ni ya dakika ngapi, nani mwongozaji, na chini yake maelezo mafupi ya kisa. Hayo maelezo mafupi, wapendwa, ndiyo yametufanya tuandike leo, maana kuna siku tuliyapuuza na tukamuumiza mwenzetu.

Filamu hiyo inaitwa Supa Modo. Ni ya Kenya, imeongozwa na Likarion Wainaina, na ndani yake watu wanazungumza Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza. Februari 2018 ilionyeshwa kwenye tamasha kubwa la Berlin, Ujerumani, katika fungu la filamu za watoto. Sisi tuliona ni filamu ya watoto, tukaona picha ya msichana mdogo anayejifanya shujaa, tukasema hii ni ya kuchekesha, itatufaa. Kijana wetu alikuja nayo likizo kwenye kompyuta yake. Tulitundika shuka nyeupe ukutani kwa mwenzetu, tukakaa akina mama kama ishirini, Wakristo na majirani zetu Waislamu, na watoto waliogoma kulala.

Kisa ni cha mtoto anayeitwa Jo, ana miaka tisa, anapenda mno sinema za mashujaa wanaoruka angani. Mtoto huyu anaumwa ugonjwa usiopona. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha nyumbani kijijini ili siku zilizobaki awe karibu naye. Mama anataka mtoto apumzike, asitoke, asichoke. Dada yake Jo, Mwix, anaona tofauti. Anamdanganya mdogo wake kwamba ana nguvu za ajabu, kisha anakizungukia kijiji kizima kuwaomba watu washiriki uongo huo. Na watu wanakubali. Ni filamu fupi, dakika 74 tu. Mwisho wake hatuusemi, mtauona wenyewe, ila tunaomba msiuone bila kitambaa mkononi.

Ilipofika kwenye ugomvi wa mama na Mwix, mmoja anasema mtoto alindwe, mwingine anasema mtoto aishi, mwenzetu mmoja alisimama akatoka nje. Tulidhani amekwenda kujisaidia. Hakurudi. Ni mama mwenye mtoto wa sikoseli, ambaye mwaka ule alikuwa amelazwa mara tatu, mara moja kwa kuongezewa damu. Sisi tulilijua hilo. Ndani ya kikundi chetu tuko wauguzi, tena kadi ya mtoto huyo tumeiandika kwa mikono yetu. Na bado tukamkalisha mama yule mstari wa mbele kumwangalia mtoto anayekufa, kwa sababu tu hatukusoma mistari mitatu ya maelezo.

Kesho yake tulikwenda kwake kuomba radhi. Alikuwa anatwanga. Alitukaribisha vizuri, akatupa vigoda, akaendelea kutwanga. Kisha akasema, "Sista, mimi sikukasirika kwa filamu. Filamu inasema kweli. Nilikasirika kwamba hamkuniambia kabla." Akatwanga kidogo, akauliza, "Na ninyi wauguzi, mngekuwa nyinyi, mngemwachia yule mtoto atoke akacheze?"

Hatukumjibu siku ile. Jibu tulikuwa nalo na lilikuwa linatuaibisha. Miaka mingi iliyopita, tukiwa bado wapya kazini, wodini kwetu alilazwa msichana wa miaka kama kumi mwenye uvimbe wa taya, saratani ile inayowapata watoto wetu huku. Alikuwa amecheleweshwa sana na dawa zilikuwa zimeshindwa. Alitaka jambo moja, arudi nyumbani aone ngoma ya dada yake aliyekuwa anatolewa unyagoni. Mama yake alitusihi siku tatu. Tulikataa. Tulisema dripu, tukasema vidonda vitaingia uchafu, tukasema njia ni mbaya. Mambo hayo yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa la maana kwa mtoto aliyebakiwa na siku chache. Alifia wodini. Mama yake alikunja kanga zake, akatushukuru kwa huduma, akaondoka. Shukrani ile mpaka leo hatujui tuiweke wapi.

Hatukuwa wakatili. Tulifundishwa kuokoa, hatukufundishwa vya kutosha namna ya kusindikiza. Siku hizi kuna huduma shufaa, ambayo ni kumhudumia mgonjwa asiyepona ili asipate maumivu na abaki na heshima yake, akiwa hospitalini au nyumbani kwake. Mofini ya maji hunyweka kwa kijiko, na mgonjwa anaweza kuandikiwa akainywa nyumbani. Kama una mgonjwa wa namna hiyo, muulize daktari wako habari ya huduma shufaa kwa jina hilohilo. Usione haya, na usidhani kuuliza ni kukata tamaa. Tumeliona hili kwa uwazi zaidi katika dakika 74 za Supa Modo kuliko katika semina kadhaa tulizokaa, tukanywa soda na kupewa posho.

Sasa mnaelewa kwa nini tunaisubiri orodha. Hatutafuti filamu ya kupitisha muda. Tunatafuta ile itakayotukuta tulipo, na tunataka tujue mapema inakuja na nini, ili tujue nani tumwite na nani tuzungumze naye kwanza.

Ziko nyingine zilizotufanya tujute kwamba tunakaa mbali. Mwaka 2017 tamasha la Zanzibar lilifunguliwa na filamu ya Kitanzania, T-Junction ya Amil Shivji, kisa cha wasichana wawili wanaokutana hospitali. Mwongozaji huyohuyo akaigeuza Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ambayo tumeiona mara nyingi mikononi mwa watoto wetu wa sekondari, kuwa filamu, ikaenda Toronto, Kanada, Septemba 2021. Tulipoliona jina hilo tulipiga vigelegele kama tumepata mchumba. Hata waliokuwa hawaelewi tamasha ni nini walielewa Vuta N'kuvute.

Kuna ile ya Kenya iitwayo The Letter, yaani Barua, ya mke na mume, Maia Lekow na Christopher King, iliyoanza kuonyeshwa Amsterdam mwaka 2019. Hii si ya kuigiza, ni ya watu wenyewe. Kijana anayeitwa Karisa, anayeishi mjini Mombasa, anasikia kwamba bibi yake kijijini Kilifi, mwanamke aliyepita miaka 90, anaitwa mchawi na ndugu zake mwenyewe. Anarudi nyumbani kuulizia. Kadiri anavyouliza, ndivyo habari ya uchawi inavyopungua na habari ya shamba inavyoongezeka.

Nani kati yetu hamjui bibi wa namna hiyo? Hata bila kwenda Kilifi. Nchini kwetu, kule Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Sisi wauguzi tunawaambia: macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni, au kwa ugonjwa wa vikope ambao una dawa, na kope zilizojikunja ndani zinafanyiwa upasuaji mdogo. Bibi mwenye macho mekundu anahitaji kupelekwa zahanati. Filamu hii tungetamani ionyeshwe uwanjani, wanaume wakiwepo, maana mashamba wanagawana wao.

Na kuna Nawi, ya mwaka 2024, nayo ya Kenya, kisa kilichoandikwa na Milcah Cherotich. Nawi ni msichana wa Turkana mwenye miaka 13. Amefaulu vizuri sana mtihani, anataka kwenda sekondari, na baba yake ameshakubaliana na mwanamume mtu mzima amwoe kwa kondoo 60, ngamia 8 na mbuzi 100. Tulipoisoma hesabu hiyo chini ya mwembe kulikuwa na kimya, kisha mama mmoja akasema, "Huku kwetu wala hawafikishi mbuzi wawili." Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka.

Tamasha la Zanzibar huangukia katikati ya mwaka. Huku ni wakati pesa ya ufuta inaingia, shule zinafungwa, na ngoma za unyago zinalia. Hatusemi unyago ni kitu kibaya, wengi wetu tumepita, na kuna mambo ya usafi na heshima tuliyofundishwa mle ambayo hakuna mwalimu wa shule aliyetufundisha. Lakini tunajua pia kwamba wapo wanaume wanaomhesabu msichana kuwa amekwiva siku anapotoka ndani, hata kama ana miaka 12. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba kifungu hicho hakipatani na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mambo hayo tukiyasema kwa mdomo kwenye kliniki, akina mama wanaitikia "ndiyo Sista" na kuangalia saa. Tunataka wamwone Nawi. Tunataka hasa makungwi wamwone, kisha watuambie wao wanaonaje.

Tuseme sasa jinsi tunavyoisoma orodha, maana wapo watakaopenda kujaribu na vikundi vyao. Kwanza hatukimbilii zilizopata tuzo. Tuzo hutolewa na jopo la waamuzi wenye macho yao na mapenzi yao, na kuna filamu ya tuzo tuliyojaribu kuitazama tukalala wote, kijana wetu akabaki peke yake akituambia ni ya sanaa sana. Tunaangalia lugha. Kama ni Kiswahili au ya jirani, tunaiwekea alama, kwa sababu wengi wetu hatuwezi kusoma maandishi yanayopita chini ya picha kwa kasi ile. Tunaangalia dakika, maana zikizidi mia, mama mwenye mtoto mgongoni hafiki mwisho. Kisha tunasoma maelezo, yote, kwa sauti, mara mbili. Tunajiuliza: kuna kifo cha mtoto humu? Kuna kubakwa? Kuna mtu hapa kijijini ambaye kisa hiki ni chake? Ikiwa yupo, mmoja wetu anamwendea nyumbani kabla, anamweleza, na yeye anaamua kuja au kutokuja. Za watoto tunazitazama sisi kwanza, bila watoto.

Kuna mama alituuliza swali zuri ambalo lazima tulikiri. Alisema, "Hii filamu tunayoitundika kwenye shuka, mwenyewe amekubali?" Tukatazamana. Supa Modo tuliitazama bila kumwomba mtu. Kumbe anayeitengeneza ameuza alivyonavyo, na sisi tunaila bure kama wale wa fleshi tunaowasema. Tangu hapo kijana wetu ametakiwa kuwaandikia wenye filamu kwanza. Wengine hawajibu. Wengine wakiambiwa ni akina mama wa kijijini, hakuna kiingilio, hukubali. Nyingine baada ya mwaka mmoja au miwili hutokea kwenye luninga za kulipia au mtandaoni, na nyingine hazionekani tena baada ya tamasha, zimepotea kama mvua za vuli. Ndiyo maana orodha ni ya kutunza. Zetu tumezipiga chapa, zimo ndani ya faili la kikundi pamoja na daftari la mikopo.

Jambo moja tunalitamani. Tamasha hilo limewahi kuzipeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba, zikaonyeshwa nje, na akina mama wakakaa wakazijadili. Zamani, miaka ya 1935 hadi 1937, Waingereza walikuwa na mradi wa filamu pale Vugiri, milima ya Usambara, wakazunguka na lori kuwaonyesha watu wa Tanganyika na nchi jirani filamu za kilimo na afya. Watu waliletewa walichochaguliwa. Sisi tungependa siku moja lori lije Lindi na orodha, tuseme sisi tunataka ipi. Kiwanja kipo. Shuka tunazo.

Orodha nyingine hatujaipata bado. Mama yule wa mtoto wa sikoseli, ambaye mwanawe sasa yuko darasa la sita na anakunywa dawa zake bila kukosa, amerudi kikundini na ameomba yeye ndiye awe anasoma maelezo kwa sauti. Amekubaliwa. Ameshatuambia pia kwamba ikiwepo ya kuchekesha kweli, yaani ya kuchekesha mpaka mwisho, ianze hiyo.